Si Kila Kiwavi ni Adui wa Mahindi

Mvua za masika zimekatika huku Kasese, magharibi mwa Uganda, na vipepeo wamejaa. Kila mwaka huwa hivyo. Mvua ya Machi hadi Mei inaotesha majani, viwavi wanayala wanashiba, na jua la Juni likianza kukaza, vipepeo wanatoka kwa wingi. Ukipita asubuhi kandokando ya Mto Nyamwamba, pale mifugo inaponyweshwa, utawakuta wametua kwenye tope, weupe kwa wa njano, wamebanana bega kwa bega. Wanafyonza chumvichumvi ya ardhini. Wengi wao ni madume, na chumvi hiyo dume humpitishia jike wanapopandana.

Msimu huuhuu ndio wa bomba za kupulizia dawa. Utaziona zimetundikwa barazani, zimefungwa nyuma ya bodaboda, au ziko mgongoni mwa kijana anayekodishwa kupuliza shamba hadi shamba. Ninalotaka kusema ni hili: tumejenga tabia ya kumpulizia sumu kila kiwavi tunayemwona, bila hata kuinama tumtazame. Tabia hiyo inatumalizia pesa, inaua wadudu wasiotudhuru, na mara nyingi yule mharibifu tuliyemkusudia anabaki mzima.

Hofu yenyewe naielewa. Viwavijeshi tuliwajua tangu zamani, wale wanaokuja kwa makundi mwaka mmoja kisha wanapotea miaka kadhaa. Bungua wanaotoboa mabua ya mahindi tuliwajua pia. Lakini viwavijeshi vamizi ni wageni. Asili yao ni bara la Amerika, na mara ya kwanza kuripotiwa Afrika ilikuwa 2016. Kufikia 2017 Uganda nzima ilikuwa inawazungumzia. Nondo wao huruka usiku, na anaweza kusafiri kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo. Jike mmoja hutaga zaidi ya mayai 1,000 katika maisha yake mafupi. Mtu aliyelima ekari moja kwa jembe la mkono, akaamka akakuta majani yametobolewa matundu, simlaumu kwa kukimbilia duka la dawa. Mahindi hayo ndiyo karo, ndiyo posho.

Ninachosikitikia ni kilichofuata. Hofu ya kiwavi mmoja ikageuka kuwa chuki ya viwavi wote.

Kiwavijeshi vamizi anatambulika vizuri tu. Fungua kiini cha mhindi asubuhi, pale majani machanga yanapokutana, umtafute. Kwenye paji la uso ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa kichwa chini. Karibu na mkia ana madoa meusi manne yaliyopangwa kama pembe za mraba. Ukiyaona yote mawili, ndiye. Akiwa mdogo, dawa humpata, na hata mkono wako humpata. Akishakua, hujichimbia ndani kabisa ya kiini na kinyesi chake huziba mlango juu yake, kwa hiyo dawa unayomwaga wakati huo inaishia kwenye majani ya juu. Wanaouziwa chupa ya pili na ya tatu mara nyingi wamefikia hatua hiyo, na hakuna aliyewaambia.

Sasa niseme juu ya mlimao wa jirani yangu, maana hapo ndipo jambo hili liliponikaa moyoni. Nilimkuta amebeba bomba, dawa imeshachanganywa.

"Mama, unapuliza nini?"

"Viwavijeshi, mwalimu. Wametoka shambani, sasa wamepanda mti."

Tuliinama pamoja tukawatazama. Juu ya jani walikuwapo wadogo wa rangi ya kahawia iliyokolea, wenye baka jeupe katikati ya mgongo. Ukiwaangalia kwa haraka utadhani ni kinyesi cha ndege kimedondokea hapo, na huo ndio ujanja wao, ndege awapite. Kwenye tawi la chini alikuwapo aliyekomaa, wa kijani, mnene, ana mistari ya kahawia ubavuni. Nilimgusa kidogo kwa kijiti. Papo hapo, nyuma ya kichwa chake, pakachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye unyevu, na harufu kali ya machungwa yaliyooza. Alizikunjua, akazitikisa upande wa kijiti, kisha akazirudisha ndani polepole mpaka usingejua zilipotoka. Jirani yangu alirudi nyuma hatua moja, halafu akasogea tena kutazama.

"Na huyu hali mahindi?"

"Hata siku moja, mama. Chakula chake ni jamii ya ndimu na machungwa."

Kiwavi yule ndiye anayekuwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoadoa ya njano, anayezunguka kwenye maua ya nyumba zetu bila kutulia, mbawa zikipigapiga hata anapokunywa. Kila mtu hapa anampenda. Watoto wanamkimbiza. Lakini utoto wake tunautilia sumu. Mlimao uliokomaa haudhuriwi na viwavi wachache, huchipua majani mengine. Mche mdogo wa kitaluni ni jambo tofauti, huo wanaweza kuumaliza, na dawa yake ni vidole viwili: waokote uwahamishie kwenye mti mkubwa.

Sisemi kwamba kila kinachozaa kipepeo kiachwe. Yupo kipepeo wa viazi vitamu, mdogo, wa rangi ya chungwa mwenye kingo nyeusi, na huyo simtetei. Hutaga mayai kwa mafungu makubwa chini ya jani, na viwavi wake wakianza kutawanyika wanaweza kuacha shamba zima la viazi ni vijiti vitupu. Ila naye ana udhaifu wake. Kwa karibu wiki mbili za mwanzo viwavi hukaa pamoja, wamejifungia ndani ya utando waliousokota juu ya majani. Utando huo unaonekana kwa macho. Mtu akipita shambani, akachuma majani yale na kuyazika au kuyachoma, amemaliza kazi kabla haijaanza, na hajatoa hata shilingi moja. Anayengoja mpaka watawanyike ndiye anayelazimika kupuliza.

Kwenye viazi hivyohivyo yuko mwingine, na huyu ndiye ninayetamani kila mkulima amjue. Ni kiwavi mkubwa, kijani au kahawia, mwenye pembe moja iliyopinda juu ya mkia. Anatisha kumtazama, lakini pembe haina sumu wala haichomi. Anakula majani ya viazi, kweli, ingawa kwa kawaida huwa wachache, mmoja hapa mmoja kule. Akishiba huingia ardhini na kugeuka pupa, ile hali ya kulala kabla ya kutoka akiwa nondo. Bila shaka umeshamfukua wakati wa kuvuna: kitu cha kahawia kinachong'aa, kinachochezesha ncha ukikishika, na mbele kina kishikio kilichopinda kama mkono wa birika. Ndani ya kishikio hicho ndimo unamokua ulimi wa nondo. Akitoka, ulimi huo utakuwa mrefu kuliko mwili wake, na ataubeba ameuviringisha chini ya kichwa.

Ulimi wote huo ni wa maua ya usiku, na hapo ndipo unapoingia mpapai. Mipapai yetu ya kienyeji ina midume na mijike, na chavua lazima itoke mti hadi mti. Utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa hasa na nondo wa jamii hii, wenye miili minene na mbio kubwa, wanaotoka jua linapozama na kuning'inia hewani mbele ya ua bila kutua. Ua la mpapai dume lina asali kidogo. Ua la jike halina kitu. Nondo hulitembelea kwa kulidhania kuwa la dume, na kwa kudanganyika huko tunapata papai. Kaa karibu na mpapai wako magharibi, taa ikiwa imezimwa, utulie tu, utawaona. Kisha fikiria mtu anayepuliza shamba la viazi kwa sababu ya viwavi wachache wenye pembe, na mwaka unaofuata analalamika kwamba maua ya mpapai wake yanadondoka.

Tena tunapopuliza ovyo tunaua wasaidizi. Wapo nyigu wadogo mno, wengine hawafiki ukubwa wa chembe ya ulezi, ambao hutaga ndani ya mayai ya nondo. Wengine hutaga ndani ya kiwavi mwenyewe, na watoto wao wakamla akiwa hai. Kiwavijeshi vamizi naye ameshapata maadui wa aina hiyo huku Afrika. Dawa haiwachagui. Ikipita, nyigu wanakufa wote, na kiwavi aliyejificha ndani ya kiini anatoka salama.

Watu wakisikia sifa za vipepeo wa Uganda, mawazo hukimbilia msituni. Ni kweli nchi hii ina aina zaidi ya 1,200, na ni kweli misitu ya magharibi kama Bwindi ina yule mkubwa kuliko wote Afrika, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hupita sentimita 20. Najivunia hilo. Lakini waliotuachia elimu kubwa kuhusu vipepeo wa nchi hii hawakuhitaji wale wa ajabu. Daktari mmoja Mwingereza, Hale Carpenter, alikaa visiwa vya Ziwa Victoria, vikiwamo Ssese, katika miaka ya 1910 akichunguza mbung'o wa ugonjwa wa malale. Pembeni ya kazi hiyo alitazama vipepeo waliokuwa mbele yake. Aliona kwamba kipepeo asiye na sumu aliyekuwa akiiga sura za wenye sumu alibadilikabadilika zaidi katika visiwa ambamo wenye sumu walikuwa wachache. Ndege wa huko hawakukutana na wenye sumu mara nyingi kiasi cha kujifunza kuwaogopa, kwa hiyo hata mwigaji aliyekosea sura alipona.

Miaka ya 1960, Denis Owen, aliyekuwa Makerere, alionyesha jambo lingine kwa kipepeo wa kawaida kabisa, ambaye kiwavi wake hula kongwe, lile gugu lenye ua dogo la buluu tunaloling'oa kila palizi. Katika makundi fulani karibu na Kampala, karibu kila kipepeo aliyemkamata alikuwa jike. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walithibitisha chanzo: bakteria anayeishi ndani ya mama na kuua watoto wa kiume wakiwa bado kwenye mayai. Yote hayo yalijificha kwenye gugu la palizi. Alihitajika mtu wa kuinama tu.

Usiku nao una madhara yake. Mei na Novemba, wavunaji wa senene, wale panzi wanaoliwa, huwasha taa kali juu ya mabati na mapipa, na pamoja na senene huanguka nondo wasiohesabika ambao hawaliwi wala hawauzwi. Biashara ya senene inalisha watu, siipingi. Ila taa za majumba na maduka zinazowaka mpaka alfajiri bila mtu chini yake hazina sababu. Miongoni mwa wanaofagiliwa asubuhi wamo wale nondo wakubwa wenye alama za macho kwenye mbawa. Nondo hao wakishakomaa hawali kabisa. Wana siku chache za kutafuta mwenza kwa akiba waliyoiweka walipokuwa viwavi, na usiku mmoja wa kuzunguka taa ni sehemu kubwa ya maisha yao.

Basi ombi langu ni kwa maafisa wa kilimo wa magombolola, kwa redio zetu za hapa, na kwa wenye maduka ya dawa za kilimo, kwa sababu mkulima akishikwa na hofu mlango wa kwanza anaoubisha ni wa duka. Muuza dawa aulize kwanza: umemwona kiwavi mwenyewe? Uso wake ukoje? Yuko kwenye zao gani? Amekua kiasi gani? Mteja akishindwa kujibu, arudi shambani asubuhi akatazame, dawa haitakimbia. Walimu nao wawaache watoto wafuge kiwavi mmoja wa mlimao ndani ya kopo lililofunikwa kitambaa, wampe majani mabichi kila siku, waone anavyojitundika kwa uzi kiunoni na kugeuka. Mtoto aliyeona hayo atamfundisha mzazi wake vizuri kuliko mimi.

Msimu wa pili unaanza Agosti, na watu wataanza kupanda mvua zikirudi. Picha nne zinatosha: kiwavijeshi mwenye Y usoni, kiwavi wa mlimao na pembe zake za chungwa, utando wa viazi, na yule mwenye pembe mkiani. Zichapishwe kwa rangi, zibandikwe kwenye mlango wa kila duka la dawa kuanzia Kasese mjini hadi Bwera, kwa maneno mafupi ya kueleza yupi wa kuua, yupi wa kuhamisha na yupi wa kuachwa.