Data Inamjua Mteja Yupi?

Februari 1995, Tesco ya Uingereza ilieneza kadi yake ya pointi, Clubcard, katika maduka yake ya nchi nzima, baada ya majaribio yaliyochambuliwa na kampuni ndogo ya dunnhumby. Mwenyekiti wa Tesco wa wakati huo, Ian MacLaurin, anakumbukwa kwa kuwaambia wachambuzi hao kwamba kilichomtisha ni kuona wamewajua wateja wake zaidi kwa miezi mitatu kuliko alivyowajua yeye kwa miaka 30. Leo supamaketi, benki na kampuni za simu za Afrika Mashariki zinatafuta ujuzi huohuo, na zana zipo. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, karibu kila ununuzi wa kawaida unaweza kuacha alama: saa, kiasi, mahali.

Faida ya kuwagawa wateja kwa makundi ni ya kweli, na anayeikataa hajawahi kukaa na orodha ya mauzo. Mama ntilie anayenunua unga na mafuta kila asubuhi, na mwajiriwa anayejaza toroli mara moja mshahara ukitoka, wanaweza kumaliza mwezi wakiwa wametumia pesa sawasawa. Ukiangalia jumla, hawatofautiani. Ukiangalia mara ya mwisho walipokuja, wanakuja mara ngapi na wanaacha shilingi ngapi kila safari, unaona watu wawili wenye mahitaji tofauti kabisa. Wa kwanza anahitaji mafuta yasiadimike na bei isipande ghafla. Wa pili ndiye wa kutumiwa ujumbe tarehe 28. Wastani wao ni mteja ambaye hayupo popote.

Kuna pia faida kubwa kuliko hiyo ya mauzo. Safaricom na Commercial Bank of Africa walipoanzisha M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, mwaka 2012, matumizi ya laini yalianza kutumika kupima nani akopeshwe na kiasi gani. Mtu asiye na hati ya mshahara wala hati ya shamba akapata mkopo. Bila kulinganisha makundi ya wateja kwa data, benki isingemtazama.

Lakini hapo ndipo pa kuwa waangalifu, kwa sababu makosa mengi hayatokani na kompyuta. Yanatokana na swali tunalouliza. Chukua mfano wa kubuni: duka lina kundi la wateja wa kila wiki na kundi la waliopotea miezi mitatu. Linatuma ofa ya punguzo kwa wote. Katika kila wateja 1,000, wa kwanza wanakuja 400, wa pili 60. Meneja atasema kampeni imefaulu kwa wa kwanza, na bajeti ijayo ataielekeza huko. Sasa tuseme kabla ya kutuma, duka lilitenga wachache wa kila kundi, kwa kuchagua bila mpangilio, wasitumiwe chochote. Kati ya wateja wa kila wiki ambao hawakutumiwa, wamekuja kwa kiwango cha 390 katika 1,000. Kati ya waliopotea, 15. Ujumbe basi umeongeza 10 upande mmoja na 45 upande wa pili, na duka limewapunguzia bei watu 390 ambao wangelipa bei kamili bila kuombwa. Ripoti isiyo na kundi la kulinganishia namna hii ina picha nzuri tu, na nyingi ninazoziona zikisifiwa ziko hivyo.

Halafu kuna suala la nani hasa yuko kwenye data. Pale kaunta, mteja asiye na kadi huambiwa na aliye nyuma yake, "weka namba yangu," na pointi zinakwenda kwa mtu mwingine. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume inatumiwa na mke sokoni. Kijana mmoja ana laini tatu na kwenye mifumo ni wateja watatu. Kundi linaloitwa "wanaume wa miaka 40" linaweza kuwa limejaa manunuzi ya wanawake, na ofa ikaenda kwa asiyenunua. Tesco walikuwa na kaya na anwani. Sisi tuna namba za simu zinazozunguka ndani ya familia. Mchambuzi anayenakili mbinu za kule bila kwenda kusimama dukani saa mbili tatu atakosea kwa uhakika wote.

Linalonigusa zaidi ni bei. Kumkumbusha mtu bidhaa anayoipenda ni huduma. Kumuuzia bei ya juu kwa kuwa takwimu zinaonyesha hataondoka, au kumsukumia mkopo siku ambayo rekodi zinaonyesha ameishiwa, ni kutumia taarifa zake mwenyewe dhidi yake. Sheria hazijanyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 37, inadai ridhaa ya wazi kabla ya taarifa za mtu kutumiwa kibiashara, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu na mhusika ameelezwa. Kifungu cha 35 kinamlinda dhidi ya maamuzi mazito yanayofanywa na mashine peke yake. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023.

Ridhaa inayofichwa kwenye masharti ya kurasa kumi hainitoshi. Kampuni ikishamweka mteja kwenye kundi, aweze kuliona kundi hilo kwenye simu yake, aombe kutolewa, na akiuliza kwa nini jirani yake amepewa MB nyingi zaidi kwa shilingi zilezile, ajibiwe na mtu anayejua sababu.