Beit al-Ajaib: tujenge palepale au kando?

Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati uliogharimiwa na Oman ukiendelea, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walikufa. Jumba hilo ndilo lililobeba makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar, na sasa swali ni kama makumbusho hayo yarudi mlemle au yajengewe nyumba mpya pembeni.

Wanaopinga jengo jipya hawapingi bure. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na pale Shangani tumeshaona Mambo Msiige, jumba la karne ya 19, likiongezewa jengo la hoteli ambalo UNESCO ililalamikia ukubwa wake. Jengo jipya la makumbusho likiruhusiwa leo, kesho mwekezaji atadai ruhusa hiyohiyo.

Ila wanaposema jumba libaki kama lilivyokuwa, huwa nauliza: mwaka gani? Sultani Sayyid Barghash alilijenga 1883, na mnara ule haukuwa sehemu ya jumba. Uliunganishwa nalo baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, iliyoiangamiza Beit al-Hukm, jumba jingine lililokuwa jirani.

Kinachonisogeza upande wa jengo jipya ni unyevu. Kuta za matumbawe na chokaa huvuta maji na kuyaachia polepole. Ukizipiga plasta ya saruji, maji hubaki ndani na ukuta huoza taratibu. Hati na nguo za kale, kwa upande wao, zinataka ghala kavu lisilobadilika joto, lenye umeme wa uhakika. Kuvilaza vyote chini ya paa moja ni kuvitesa vyote. Perth, Australia, walitenganisha: makumbusho ya Boola Bardip, yaliyofunguliwa Novemba 2020, yana jengo jipya lililoshikana na majengo ya kale, mojawapo gereza la miaka ya 1850. Lakini mradi ule uligharimu takriban dola milioni 400 za Australia. Mfuko huo sisi hatuna.

Na tusidanganyane kwamba paneli za jua juu ya zege zinatosha kuliita jengo rafiki wa mazingira. Kuta nene, dari ndefu, roshani pana na ua wa kati vilipoza nyumba za Unguja kabla ya kiyoyozi. Mchoraji asiyeanzia hapo asipewe kazi.

Basi ghala na maabara vijengwe, kwa kimo cha majirani, nyuma ya mstari wa majumba ya Forodhani, yanayotazama bahari, na baada ya kuta zilizosalia kuimarishwa. Mkataba utaje pia mshahara wa mafundi chokaa kila mwaka. Wafadhili hupenda kukata utepe. Sijaona aliyeukata kwa ajili ya mfereji wa paa uliozibuliwa.