Albamu ya kwanza ya bendi: irekodiwe Tabora au Dar?

Mpiga gitaa wa jazi fyusheni (jazi iliyochanganywa na miziki mingine) wa Tabora akisema atarekodi mwenyewe albamu ya kwanza ya bendi yake, ataambiwa apande treni, kilomita 840 hivi, akatafute studio Dar. Wanaomshauri hivyo wana hoja. Studio nzuri ina chumba kilichodhibitiwa mwangwi, spika zisizodanganya na, kubwa zaidi, fundi mitambo asiye mwanabendi. Mpiga gitaa akichanganya sauti mwenyewe, gitaa lake hupanda kidogo kila siku bila yeye kujua.

Ila studio hulipiwa kwa saa, na fyusheni haipendi saa. Wimbo wa mapigo saba, besi ikijibizana na dramsi, hauzaliwi kwa kumrekodi kila mtu peke yake. Bendi za enzi za Radio Tanzania zilipiga pamoja mbele ya maiki chache, na Tabora Jazz, yenye mtindo wa Segere Matata, ilitoka katika malezi hayo. Zilibebwa na mazoezi.

Tupige hesabu. Njia nane, yaani sauti nane zinazorekodiwa kila moja kivyake, kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na biti 24, hula takriban MB 69 kwa dakika. Wimbo wa dakika sita ni MB 415. Urudieni mara kumi: GB 4 na ushei tu. Studio, marudio kumi ni nusu siku ya kulipia. Nyumbani, diski ya TB 1 inameza zaidi ya 2,000. Pengine rudio la tisa ndilo ambalo mpiga dramsi ameacha kuhesabu na kuanza kusikiliza. Nani atalilipia Dar?

Njia nane hizo zinatosha. Dramsi zichukue nne: dramu kubwa, dramu ndogo na maiki mbili za juu, zote mbili zikiwa umbali uleule kutoka dramu ndogo. Pima kwa kamba. Zikipishana, pigo hufika kwa nyakati mbili na sauti hukonda. Besi moja, kinanda moja. Gitaa mbili: maiki mbele ya ampu iliyowekwa chumba kingine, na waya safi wa moja kwa moja. Sauti ya ampu ikikukera baadaye, ule waya safi unapitishwa upya kwenye ampu bila kugusa solo.

Adui wa kweli ni bati. Mvua za Novemba hadi Aprili zikiingia kwenye maiki za dramsi hazitoki tena, na hata kiangazi bati hualika jua linapopanda. Rekodi Juni hadi Agosti, usiku. Muungurumo wa hezi 50 mara nyingi hupungua vifaa vyote vikichomekwa kwenye soketi moja yenye waya wa ardhi. Magodoro ukutani hunyonya sauti kali, besi hayaigusi.

Kwa hiyo kurekodi kubaki Tabora, na kuchanganya sauti apewe fundi wa nje. Hapo hoja ya Dar inashinda kihalali. Mtumie mafaili ya WAV yanayoanzia sekunde sifuri yote, hata chombo kinachoingia dakika ya nne, bila mwangwi wa kuongeza, vilele vya sauti vikiwa chini ya desibeli −6 (sifuri ndiyo kikomo). Nyimbo nane ni GB 3.3: kama bando halitoshi, flashi ipande basi.