June Mar Fajardo na deni ambalo hakulikopa

Mjadala wowote kuhusu June Mar Fajardo huishia pale pale: haya, ndiye bora kuliko wote waliopita kwenye PBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Ufilipino, lakini huko nje kafanya nini? Kwa wanaouliza hivyo, Fajardo ni jogoo wa shamba. Hoja yao ina uzito, ila naona wanamdai mtu asiyehusika.

Rekodi yake haina ubishi. Kijana wa Cebu, urefu sentimita 208, alichaguliwa namba moja kwenye drafti ya 2012, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na timu ya kampuni ya San Miguel, enzi hizo ikiitwa Petron Blaze. Kuanzia 2014 hadi 2019 akabeba MVP, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, mara sita mfululizo. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Ramon Fernandez na Alvin Patrimonio, tuzo nne kila mmoja. Februari 2020 akavunjika mfupa wa muundi mazoezini na msimu mzima ukampita. Alipopona akaendelea kuzoa tuzo zilezile.

Wanaombeza wana ushahidi wao. Kombe lenye heshima kubwa zaidi PBA, Philippine Cup, haliruhusu wachezaji wa kigeni. Kwa hiyo senta, yaani mchezaji wa chini ya kikapu, wa sentimita 208 mwenye kifua kipana hukabwa na watu anaowaangalia utosini. San Miguel ililitwaa mara tano mfululizo kati ya 2015 na 2019. Na San Miguel si timu ya kuhurumiwa: kampuni hiyohiyo inamiliki pia Ginebra na Magnolia, timu tatu ndani ya ligi moja ndogo, jambo ambalo kwingine lingezua kelele. Fajardo alikuwa na Arwind Santos, MVP wa 2013, pembeni yake, na Chris Ross na Marcio Lassiter wakimfungulia nafasi.

Hata fainali ya 2016 dhidi ya Alaska, inayotajwa sana kumtetea, ina pande mbili. San Miguel ilifungwa michezo mitatu ya kwanza Fajardo akiwa nje kwa maumivu ya goti, kisha ikageuza na kushinda minne, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea kwenye fainali za PBA. Lakini mchezo wa nne waliushinda bila yeye. Alirejea wa tano. Mimi bado nampa sifa, maana kumkaba mtu yule hata akiwa na goti bovu kuliwachosha Alaska kabisa.

Na hiyo nje, kweli hakufanya kitu? Kombe la Dunia la 2014, mjini Seville, Ufilipino iliifunga Senegal 81-79 katika muda wa nyongeza, ushindi wao wa kwanza kwenye mashindano hayo baada ya miaka 40. Andray Blatche, Mmarekani aliyepewa uraia, alishatolewa kwa faulo, na mzigo wa chini ya kikapu ukamwangukia Fajardo. Aliubeba. Mwaka 2023 alikuwemo pia kwenye kikosi kilichochukua dhahabu ya Michezo ya Asia, ya kwanza kwao tangu 1962.

Mwaka huohuo, mjini Manila, Sudan Kusini iliitandika Ufilipino 87-68 kwenye Kombe la Dunia. Sisi wa Afrika Mashariki tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila tazama: nchi isiyo na ligi ya kulipwa, ambayo wachezaji wake wengi walikulia au kulelewa kimpira ughaibuni, imeishinda nchi yenye ligi tangu 1975. Hapo wanaotaka vijana waondoke mapema kwenda kucheza nje wanapata nguvu.

Kai Sotto, senta mwingine wa Ufilipino, ndiye kipimo chao. Ana sentimita 221, na aliondoka Ufilipino 2019 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Amepita Marekani, Australia, kisha klabu kadhaa za Japani. Drafti ya NBA ya 2022 ilimruka, na Januari 2025 kano ya goti ikakatika. Hata hivyo Novemba 2024, Ufilipino ilipoifunga New Zealand 93-89 kwa mara ya kwanza katika historia, Sotto alipiga pasi ambazo senta wa PBA humwoni akizipiga. Kuzurura kwake kumemfundisha kitu.

Fajardo je, angeweza kuondoka? Ligi ya Japani ilifungua nafasi maalumu kwa Waasia 2020, na Thirdy Ravena akawa Mfilipino wa kwanza kusaini. Fajardo alikuwa na miaka 30 na mguu uliovunjika. NBA nayo ilikuwa imeshahamia kwenye mitupo ya pointi tatu, haina haja na senta mzito anayecheza chini ya kikapu akimpa beki mgongo. Kumlaumu kwa mlango ambao haukuwepo ni kumwonea.

Mwenye deni ni PBA. Iliweka kikomo cha mshahara cha peso 420,000 kwa mwezi, bila kujali una MVP sita au huna hata moja, na mchezaji mpya hachagui timu, anachaguliwa. Mfumo huo ulidumu kwa sababu Fajardo na wenzake hawakuwa na pa kwenda. Sasa Japani inalipa zaidi, Korea Kusini nayo ilifungua nafasi kwa Wafilipino 2022, na mawakala wanawafuata vijana wakiwa bado vyuoni. Senta mrefu anayechipukia leo Cebu anaweza kusaini mkataba wa nje kabla jina lake halijasomwa kwenye drafti ya Manila, na sioni PBA ikimwonyesha sababu yoyote ya kubaki.