Bajeti ya pergola ianzie kwenye mashimo, sio kwenye mbao

Mtu akiniambia anataka kuweka pergola nyuma ya nyumba, yaani kile kibanda cha kivuli cha nguzo na mbao za juu kisichoezekwa, nikimuuliza bajeti atanitajia mbao. Nguzo nne, boriti mbili, zile za kukatiza juu, basi kashamaliza hesabu. Na mimi nilianza hivyo hivyo so simcheki mtu.

Pergola yangu ya kwanza niliona zege ni kutupa hela, nikachimba mashimo, nikasimamisha nguzo, nikashindilia udongo, nikapiga na picha. Ilipendeza kweli. Baadae naona nguzo moja kama inalala hivi, nikachukua bisibisi nikachoma pale inapoingia ardhini, ikazama karibu mpaka kwenye mpini. Juu mbao nzima kabisa ila chini imeoza, maana mbao huozea pale pale usawa wa ardhi, unyevu upo na hewa ipo, fangasi atake nini tena.

Kwahiyo siku hizi naanzia chini. Saruji, mchanga, kokoto, vile vyuma vya kukalia nguzo ili mbao isiguse udongo, ndo napanda juu. Bolti na skrubu ziwe zilizopakwa zinki, watu wanapenda kubana hapa na wakati dawa nyingi za mbao zina shaba, na shaba inakula chuma cha kawaida taratibu bila wewe kuona.

Halafu urefu. Umechora futi 11 na mbao zinauzwa za futi 12, kila moja unakata futi nzima unatupa, mbao 12 za juu tayari umetupa hela ya mbao moja. Badilisha mchoro bana, karatasi ni bure.

Na uamue mapema kama unataka paa, manake pergola ya kawaida haizuii mvua, na ukija kuweka plastiki juu baadae upepo unaishika kama tanga, nguzo ulizonunua hazitoshi tena unaanza upya. Usafiri na vanishi sisemi, ila tenga asilimia 10 mpaka 15 pembeni, utaila yote.

Pergola yangu ya pili hela ilipobana nilipunguza upana, zege sikuligusa. Imesimama wima mpaka leo, ila ikiwekwa meza na viti vinne, mtu wa tano anakaa juani.