Acheni kupiga msasa stuli za Aalto

Kila nikikuta tangazo la mnada linalosifia stuli modeli 60 ya Alvar Aalto, msanifu majengo wa Ufini, ya miaka ya 1930 kuwa "imekarabatiwa, inang'aa kama mpya", hasira hunipanda. Kilichoondolewa ndicho hasa ambacho mkusanyaji alikuwa tayari kukilipia. Stuli hii iliyobuniwa 1933 inatengenezwa mpaka leo. Anayetaka mpya akanunue mpya dukani!

Birch, mbao ya mti wa nchi za baridi inayotumika kwa stuli hii, hutoka kiwandani ikiwa na weupe. Mwanga wa miaka 80 na vanishi iliyozeeka huipa rangi ya asali, lakini rangi hiyo ni tabaka jembamba la juu tu. Msasa namba 120 huimaliza kwa dakika chache. Halafu fundi hupaka rangi ya kurudishia, nayo birch huinywa kwa mabaka: hapa imekolea, pale imepauka. Hakuna kinachoweza kuirudisha ile ya zamani.

Mguu ndio unaoniuma zaidi. Aalto aliuchana kwa msumeno upande wa juu, kufuata nyuzi za mbao, akaingiza humo vipande vyembamba vyenye gundi, kisha ukapindwa digrii 90. Tazama kwenye kona: mistari yake inaonekana wazi. Msasa hulainisha kingo za kona hiyo na kupunguza unene wa tabaka la nje, yaani unakula uvumbuzi wenyewe.

Tabaka zikiachana, usiguse epoksi, gundi ya kemikali isiyolegezeka kirahisi. Ingiza kwa sindano gundi ya wanyama iliyopashwa moto, bana kwa klampu saa 24. Atakayekuja baadaye ataweza kuilegeza kwa maji na joto. Skrubu ikicheza, usiweke ndefu zaidi, itatoboa kikalio. Ziba tundu kwa kijiti cha birch chenye gundi, toboa upya, rudisha skrubu ileile. Uchafu unatoka kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri na sabuni laini. Jaribu kwanza chini ya kikalio.

Stuli yenye wadudu hai, nakubali, haiwezi kuachwa hivyo. Ifunge kwenye plastiki, igandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Hata hapo msasa hauna kazi.

Viti vya mirija ya chuma vya mbunifu Marcel Breuer navyo vinateswa vilevile: utando wa zamani wa nikeli wenye umanjano hafifu unafunikwa kwa kromu ya kibuluu.

Kabla ya kulipa, ipindue stuli. Chini, ambako mwanga haukufika sana, rangi inapaswa kutofautiana na ya juu, na miguuni kuwe na mikwaruzo inayotokana na stuli kupangwa moja juu ya nyingine. Juu na chini zikiwa na weupe mmoja na kingo zimelainika, usilipe bei ya stuli ya miaka ya 1930, hata kama lebo bado ipo.