Goti la Ngannou na hesabu za Anaheim

Jumapili ile ya Januari 2022 tulikuwa watu sita sebuleni Tabata, laptop imeegemezwa kwenye sufuria la pilau la jana. Kadi kuu ya UFC 270, usiku wa mapigano mseto wa kampuni ya Marekani ya UFC, ilianza saa 12 asubuhi kwa saa zetu, na mpaka Francis Ngannou wa Cameroon, bingwa wa uzito wa juu, na Ciryl Gane wa Ufaransa wanaingia kizimbani kule Anaheim, California, wa kwenda ibada walikuwa wameshaondoka na bando linakata roho. Raundi mbili za kwanza Gane alimpiga mateke ya mbali, akaondoka, akarudi, akampiga tena. Tukaanza kukubali matokeo. Raundi ya tatu Ngannou akaudaka mguu, akamnyanyua Mfaransa yule mzima mzima na kumbwaga chini. Jamaa yetu mmoja alikuwa na chai mdomoni, ikaishia kwenye kibodi.

Mtu tuliyemjua kwa ngumi moja ya kuzimisha alishinda pambano lile kwa mieleka. Majaji walimpa 48-47, 48-47 na 49-46.

Usiku huo kulikuwa na mambo mawili, moja tuliliona na moja tukalisikia baadaye. Tuliloliona ni la mkanda. Aliyemvisha Ngannou ni Mick Maynard, mpangaji wa mapambano, wakati bosi mwenyewe, Dana White, alikuwa amemvisha Deiveson Figueiredo, mshindi wa pambano lililotangulia, wa kwake muda mfupi tu kabla. White alieleza baadaye kwamba kuna jambo lilimshughulisha nyuma ya jukwaa. Inawezekana. Tulilolisikia ni la goti: Ngannou alikuwa amechanika kano za goti la kulia wiki chache kabla ya pambano, na Machi mwaka huo akafanyiwa upasuaji. Raundi tano zile alizipigana hivyo.

Nalirudia hili kwa sababu hadi leo, vijiweni, ukitaja jina la Ngannou hukosi mtu wa kukwambia kwamba alikimbia. Alimkimbia Jon Jones, bingwa wa zamani wa UFC, au aliponzwa na tamaa, au vyote viwili. Maneno haya hayakuota kama uyoga. Januari 2023, siku UFC ilipotangaza kumwachia, White alisema walimwekea mezani fedha ambazo zingemfanya mpiganaji wa uzito wa juu anayelipwa kuliko wote katika historia yao, amzidi hata Brock Lesnar, yule nyota wa mieleka ya televisheni, naye akakataa. Akaongeza kwamba jamaa anataka wapinzani wepesi kwa malipo makubwa. Bosi akishasema hivyo mbele ya kamera, kazi ya kumkanusha inabaki kwa mtu ambaye hana kamera.

Basi tuanze na namba. Tume ya michezo ya California ilichapisha malipo ya mapambano ya Anaheim, na kwa usiku ule bingwa wa dunia wa uzito wa juu aliandikiwa dola 600,000. Gane, aliyekuja na mkanda wa muda, aliandikiwa 500,000. Ni haki kusema kwamba karatasi ya tume haionyeshi mgawo wa bingwa kwenye mauzo ya kulipia kuona (pale mtazamaji anaponunua usiku mmoja wa mapambano), wala bahasha ambazo kampuni huamua kumpa mtu pembeni. Kwa hiyo 600,000 si jumla ya alichoondoka nacho.

Hata hivyo siwezi kuipita namba hii haraka. Laki sita ni pesa, sikatai. Kwa mtu aliyechimba mchanga machimboni Batié, Cameroon, tangu utotoni ni pesa zaidi ya pesa. Lakini zilikuwa za nini? Zilikuwa malipo ya kupanda kizimbani mara moja ndani ya mwaka mzima, maana hakupigana tena mwaka 2022. Mpiganaji wa UFC hana mshahara, kisheria ni mkandarasi wa kujitegemea. Makocha wanachukua chao, meneja chake, kambi inakula, na kodi ya California haina huruma. Mkandarasi huyo huyo wa kujitegemea haruhusiwi kubandika tangazo la kampuni aliyoitafuta mwenyewe kwenye bukta yake. Tangu 2015 sare ni ya kampuni. Wakati ule ilikuwa ya Venum, kampuni ya mavazi, na bingwa alilipwa dola 42,000 kwa kuivaa. Mpiganaji mwenye mapambano matatu au pungufu alipata 4,000. Hebu fikiria fundi seremala anayeambiwa yeye si mwajiriwa, ajitegemee, lakini asiandike namba yake ya simu kwenye mkokoteni wake mwenyewe.

Halafu kuna mkataba wenyewe, na hapa ndipo wanaosema alikimbia wanapokosea hesabu. Mikataba ya UFC ina kipengele cha bingwa: ukimaliza mapambano yako huku umeshika mkanda, mkataba unajiongeza wenyewe, mwaka mmoja au mapambano matatu. Maana yake, kwa Ngannou, kumpiga Gane ndiko kulikomfunga. Angepoteza angekuwa karibu zaidi na mlango. Alikuwa na goti ambalo daktari yeyote angelikubali kuwa sababu ya kujiondoa, alikuwa na kila sababu ya kutopigana, akapigana, akashinda, kisha akakaa benchi bila malipo akingoja ukomo wa miaka mitano uliokuwa ndani ya mkataba huo, uliofika Desemba 2022. Mtu mwenye tamaa angesaini Februari. Ofa aliyoikataa, kwa maelezo yake, ilikuwa ya kama dola milioni nane.

Alichokuwa anadai, ukiacha fedha, ni bima ya afya kwa wapiganaji, ruhusa ya kutafuta wadhamini, na mtu wa kuwasemea wapiganaji kampuni inapokaa kuamua mambo yao. White hakuyagusa sana hayo. Na ukiyasoma vizuri, mawili kati ya hayo matatu ni ya watu wengine.

Sasa upande wa pili, na una hoja.

Familia ya Fertitta iliinunua UFC mwaka 2001 kwa dola milioni mbili, mchezo ukiwa umepigwa marufuku majimbo mengi ya Marekani, na ikachoma makumi ya mamilioni kabla haijaona faida. Ilipouzwa mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni nne, wengi walisahau miaka ile ya njaa. Anayebeba hasara ana haki ya kubeba faida. Pia UFC inaandaa mausiku kama 40 kwa mwaka, mvua inyeshe jua liwake, na bora hupigana na bora. Kwenye ndondi, ambako bondia mkubwa anavuta sehemu nono ya mapato, tuliwangoja Mayweather na Pacquiao mpaka 2015, wote wawili wameshapita kilele chao. Wapinzani wa UFC, kuanzia Strikeforce hadi Bellator iliyomezwa na PFL, kampuni nyingine ya mapigano mseto, mwaka 2023, walijaribu njia nyingine wakaishia kununuliwa. Na bima ipo, walau ya majeraha ya kizimbani na mazoezini. Asilimia ndogo ya sinia kubwa, watakwambia, inashibisha kuliko nusu ya kisahani.

Hoja ya sinia ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Desemba 2014 wapiganaji wa zamani, Cung Le, Jon Fitch na Nate Quarry miongoni mwao, waliishtaki kampuni huko Marekani kwamba inahodhi soko na kubana malipo. Nyaraka za kesi ndizo zilizowezesha watu wa nje kuchungulia jikoni, na kilichoonekana ni kwamba wapiganaji walikuwa wanapata karibu asilimia 20 ya mapato. Wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA na wale wa NFL hupata takriban nusu, kwa sababu wana vyama vinavyojadiliana kwa niaba yao. Jaji alikataa suluhu ya dola milioni 335 Julai 2024, akaona ni ndogo; ile ya milioni 375, kwa waliopigana kati ya Desemba 2010 na Juni 2017, ikapitishwa mapema 2025.

Asilimia 20. Niigeuze niiangalie upande mwingine: kila shilingi mia inayoingia kwa sababu watu wawili wanapigana, themanini haiendi kwa anayepigana, si bingwa wala yule wa utangulizi. Na ndani ya ishirini hiyo hakuna usawa. Mgeni wa miaka ile aliingia kwa dola 12,000 za kupanda na 12,000 nyingine akishinda. Apigwe kwa uamuzi wa majaji wawili dhidi ya mmoja, nusu ya malipo imeyeyuka. Mapambano mawili kwa mwaka, apoteze yote, ana 24,000 na zile za sare, kabla ya kocha, meneja, kodi na vipimo. Sinia ni kubwa, naam, ila huyu amekaa mbali nalo, mkono haufiki.

Wanaotetea watasema: si akaondoke basi? Aende wapi, ndilo swali ambalo kesi ile ilikuwa inaliuliza. Kwenye ndondi kuna sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iliyopewa jina la Muhammad Ali, inayomlazimisha promota amweleze bondia ni kiasi gani kimekusanywa kwenye pambano lake. Sheria hiyo haigusi mapigano mseto. Hata bondia wa Manzese anayelalamika kudhulumiwa anajua ukumbi ulijaa au haukujaa. Anahesabu vichwa mwenyewe akiwa anafungwa bandeji. Bingwa wa uzito wa juu wa UFC anahesabu nini? Na jambo hili linazidi kuwa na uzito, kwa sababu Agosti 2025 kampuni ilitangaza mkataba na Paramount, kampuni ya filamu na televisheni, wa dola bilioni 7.7 kwa miaka saba, ambao unaondoa kulipia kuona Marekani. Yale mauzo ambayo mabingwa walikuwa wanapata mgawo wake ndiyo hayo yanayoondoka.

Nikubali pia kwamba Ngannou amelipa gharama ya kimichezo, na mashabiki wake tunapenda kuiruka. Mkanda aliouacha ulichukuliwa na Jones Machi 2023, akamkaba koo Gane yule yule kwa zaidi kidogo ya dakika mbili, Gane aliyemsumbua Ngannou dakika 25. Pambano la Ngannou na Jones halikufanyika, na bila hilo ubishi wetu hauna mwisho. Kwenye ndondi alimwangusha Tyson Fury raundi ya tatu mjini Riyadh, Oktoba 2023, akanyimwa ushindi kwa majaji kugawanyika. Miezi minne na siku chache baadaye Anthony Joshua akamlaza raundi ya pili, vibaya. Kwenye PFL, alikohamia baada ya UFC, alicheza kidogo mno kwa mtu wa umri wake. Alizaliwa 1986, miaka hairudi. Anayesema UFC ilikuwa na ngazi ya kupanda na PFL haina hajakosea.

Na kwetu huku? Ndani ya miezi mitano Waafrika watatu waliacha mikanda: Kamaru Usman Agosti 2022, Israel Adesanya Novemba, Ngannou Januari. Wawili walipigwa, mmoja aliondoka na wake kiunoni. White alizungumzia mara nyingi kuileta UFC Afrika. Iliyofika ni PFL, ambayo Ngannou alikuwa mwenyekiti wa tawi lake la Afrika, ikaanza Cape Town Julai 2025 na Oktoba ikawa Kigali, BK Arena, saa ya jioni ambayo mtu wa Bujumbura au Bukoba angeweza kuitazama bila kuweka kengele ya alfajiri. Kama malipo ya vijana wale ni bora kuliko 12,000 na 12,000, napenda kuyaona yamechapishwa, kama California ilivyoyachapisha ya Anaheim. Ngannou anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwa nini.

Alipojiunga na PFL Mei 2023, kipengele kimoja kilichotangazwa kilihusu mtu mwingine: yeyote atakayepigana naye alipwe si chini ya dola milioni mbili. Wa kwanza alikuwa Renan Ferreira wa Brazili, Oktoba 2024 mjini Riyadh. Alidumu chini ya dakika nne. Gane, kwa dakika zake 25 za Anaheim, aliandikiwa 500,000.